Lucca, Arezzo au Orvieto: Ufikie Wapi Italia ya Kati?

Wengi wetu tukishapata viza ya Schengen tunataka kuimaliza Italia yote ndani ya wiki moja: Roma siku mbili, Firenze siku mbili, Venezia siku moja, kisha mbio hadi Milano kuwahi ndege. Nusu ya safari inaishia kwenye kufunga na kufungua mabegi. Ipo namna nyingine, na ndiyo ninayoitetea hapa. Fikia mji mmoja mdogo wenye stesheni, lala hapo siku zote, na kila asubuhi panda treni ukiwa na kibegi cha mgongoni tu. Jioni unarudi kwenye chumba kilekile, na muuza mkate wa pale kona anaanza kukuzoea.

Swali ni mji upi. Kwa Italia ya kati, yaani Toscana na Umbria, naona mitatu inayostahili kuwekwa kwenye mizani: Lucca, Arezzo na Orvieto. Yote ina mji wa kale wa kuzunguka kwa miguu, yote ina treni, na yote bado ina wenyeji wanaoishi maisha yao ya kila siku. Niseme mapema ninakoegemea. Kwa wiki nzima ningefikia Arezzo. Anayesafiri na wazazi au watoto wadogo aende Lucca. Mwenye siku tatu tu na ndege inayotua Roma, Orvieto itamfaa kuliko mingine yote.

Kwa nini Siena haimo

Siena ni mji wa ajabu, lakini haiko kwenye reli kuu. Ukitaka kwenda mbali zaidi ya Firenze, mara nyingi itabidi ubadilishe treni, na stesheni yenyewe iko bondeni chini ya mji. San Gimignano haina stesheni kabisa. Unashuka Poggibonsi na kupanda basi. Montepulciano inayo yenye jina lake, ila iko kilomita kadhaa kutoka mjini. Hiyo ni miji ya kutembelea, au ya kufikia ukiwa na gari.

Na gari lina mtego wake. Miji mingi ya kale Italia ina eneo linaloitwa ZTL, ambako gari lisilo na kibali haliruhusiwi kuingia. Kamera inasoma namba ya gari, kampuni iliyokukodisha inatoa jina lako, na faini inakufuata nyumbani miezi kadhaa baadaye. Ukifikia mji wenye treni nzuri, habari hiyo haikuhusu.

Kutoka behewani hadi kitandani

Watu huchagua mji kwa picha. Mimi huanza na swali jingine: ukirudi saa tatu usiku, miguu imechoka na mtoto amelala begani, kuna nini kati ya stesheni na chumba chako? Safari ya siku moja ina mwisho wake, na mwisho huo utaurudia kila jioni.

Hapa Lucca inashinda bila ubishi. Mji wote wa kale uko tambarare, umezungukwa na kuta zilizojengwa karne ya 16 na 17 zenye mzingo wa kilomita 4 na kitu, na stesheni iko nje tu ya kuta hizo upande wa kusini. Ukitoka mlangoni unauona ukuta mbele yako, ng'ambo ya uwanja wa majani. Kuna njia ya mkato inayokatiza majani hayo na kupenya ndani ya ukuta wenyewe hadi karibu na kanisa kuu la San Martino. Njia hiyo ina ngazi, kwa hiyo siku ya kufika na mabegi mazito zunguka upitie lango la Porta San Pietro. Baada ya hapo ni barabara bapa hadi mlango wa ulikofikia. Mzee mwenye magoti mabovu ataishi Lucca wiki nzima bila kulalamika.

Arezzo ni mteremko mmoja mrefu. Stesheni iko chini, kanisa kuu liko juu kabisa, na mji umelala katikati. Barabara ya Guido Monaco, iliyopewa jina la mtawa wa karne ya 11 aliyeweka misingi ya kuandika noti za muziki, inapanda taratibu kutoka stesheni. Corso Italia, barabara ya maduka, ndiyo inayopanda hasa. Ukipanga chumba nusu ya chini ya mji, una mwendo wa dakika kumi hivi usiokutoa jasho. Ukipanga juu karibu na Piazza Grande, mandhari ni mazuri zaidi, lakini magurudumu ya begi yatalia juu ya mawe njia nzima. Mtu wa kwenda na kurudi kila siku achague chini.

Orvieto ni habari nyingine. Mji umekaa juu ya jabali la mwamba wa volkano lenye kingo zilizosimama wima, na stesheni iko bondeni, Orvieto Scalo. Mbele ya stesheni kuna funikulari, behewa linalovutwa kwa kamba juu ya reli, linalokufikisha Piazza Cahen kwa dakika chache. Ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1888 ikiendeshwa kwa uzito wa maji. Ya sasa, ya umeme, ilianza mwaka 1990. Kuipanda ni raha tupu. Lakini inafungwa jioni, na baada ya hapo unategemea basi au teksi. Hata ikiwa wazi, kutoka Piazza Cahen hadi kanisa kuu bado kuna mwendo. Siku ya kwanza yote haya ni sehemu ya utamu. Ukiwa wa kutoka kila asubuhi kwa wiki nzima, utaanza kuyahesabu.

Treni inakufikisha wapi

Kwa Lucca, hesabu ni fupi na tamu. Pisa ni nusu saa. Usishuke Pisa Centrale. Shuka San Rossore, kituo kidogo kilicho kwenye njia hiyohiyo, na Mnara Ulioinama utakuwa umbali wa dakika chache kwa miguu. Viareggio, kwenye ufuo wa bahari, haifiki hata nusu saa. Upande wa milimani kuna treni ya kuelekea Aulla, inayofuata bonde la mto Serchio na kuingia Garfagnana. Shuka Borgo a Mozzano ukaone daraja la mawe la zama za kati, Ponte della Maddalena, ambalo wenyeji huliita Daraja la Shetani. Tao lake moja limenyanyuka juu mno kuliko mengine, kiasi kwamba kulivuka ni kama kupanda paa la nyumba na kushuka upande wa pili.

Udhaifu wa Lucca ni Firenze. Treni huchukua saa moja na dakika ishirini, na nyingine zaidi ya saa moja na nusu, kwa kuwa reli ya kupitia Pistoia kwa miaka mingi imekuwa na sehemu za njia moja ambako treni husubiriana. Ukienda mara moja ni sawa. Mwenye nia ya kuiona Firenze kwa siku tatu asikae Lucca. Vivyo hivyo Cinque Terre: ramani inakudanganya kwamba iko jirani, na ni kweli unaweza kufika kwa kupitia Viareggio na La Spezia, lakini ni siku ndefu ya kubadilisha treni kwa saa chache tu za kuona vijiji vilivyojaa watu. Mimi ningeiacha.

Arezzo iko kwenye reli ya zamani ya Firenze–Roma, na hilo ndilo linaloipa nguvu. Kaskazini, Firenze ni kama saa moja kwa treni ya mkoa iliyo ya haraka. Zile zinazosimama kila kituo hukaribia saa moja na nusu. Kusini, Camucia-Cortona ni dakika ishirini tu, halafu basi linakupandisha Cortona juu mlimani. Orvieto yenyewe ni saa moja na robo hivi, maana yake aliyefikia Arezzo anaweza kuiona Orvieto kwa siku moja na kurudi. Kinyume chake kinawezekana pia, ila wa Orvieto ataanza na kumaliza siku yake kwa kushuka na kupanda jabali.

Kisha kuna tawi la mashariki, ambalo kwangu ndilo safari nzuri kuliko zote katika eneo hili. Unabadilisha treni Terontola kuelekea Perugia na Assisi, na kabla hujafika mbali ziwa Trasimeno linajitokeza upande wa kulia. Kituo cha Tuoro kiko karibu na uwanja ambako mwaka 217 KK Hannibal, jemadari wa Carthage, mwana wa Afrika Kaskazini, alilificha jeshi lake kwenye vilima na kulivamia jeshi la Roma lililokuwa likipita kati ya vilima na maji, ndani ya ukungu wa asubuhi. Warumi walioangamia siku ile walihesabiwa kwa maelfu. Ukitaka kupumzika shuka Passignano, panda boti hadi kisiwa cha Isola Maggiore, kula samaki wa ziwani, urudi. Ukitaka kuendelea hadi Assisi, toka mapema: kutoka Arezzo ni zaidi ya saa moja na nusu, na stesheni ya Assisi iko chini tambarare, unamalizia kwa basi.

Arezzo ina pia reli yake ndogo ya kuingia bonde la Casentino. Treni inapita mashambani hadi Poppi, mji wenye ngome juu ya kilima, na chini yake ni uwanda wa Campaldino, ambako mwaka 1289 Firenze iliishinda Arezzo vitani. Mmoja wa wapanda farasi wa Firenze alikuwa kijana aitwaye Dante, mshairi mkuu wa Italia wa baadaye. Roma nayo inafikika kutoka Arezzo, lakini kwa treni ya mkoa ni zaidi ya saa mbili kila upande. Sishauri kuifanya ya siku moja.

Roma ni ya Orvieto. Saa moja na robo au moja na nusu, bila kubadilisha treni, unashuka Termini. Mtu anayetaka kuiona Roma mchana na kulala mahali pa utulivu usiku hatapata mpango mzuri kuliko huu. Safari nyingine kubwa ya Orvieto ni Civita di Bagnoregio, kijiji kilichobaki peke yake juu ya kilele kinachomomonyoka, kinachofikiwa kwa daraja la waenda kwa miguu pekee na kwa kulipa kiingilio. Unapanda basi hadi Bagnoregio, kisha unatembea. Mabasi ni machache, na Jumapili na sikukuu usiyategemee. Angalia la kurudi kabla hujapanda la kwenda. Nje ya hizo, Chiusi na makumbusho yake ya Waetruski, watu walioishi eneo hili kabla ya Warumi, ni nusu saa. Firenze ni zaidi ya saa mbili. Kwa siku tatu, safari hizi zinatosha sana. Kwa siku saba utaanza kurudia.

Siku usiyosafiri

Kila mpango wa namna hii unahitaji angalau siku moja ya kubaki, na mji wa kufikia lazima uistahili.

Orvieto inaistahili kuliko yote. Kanisa kuu lilianza kujengwa mwaka 1290, na uso wake umejaa michoro ya vipande vya rangi na dhahabu ambayo jua la jioni huipiga moja kwa moja. Ndani, katika kanisa dogo la San Brizio, Luca Signorelli alichora siku ya mwisho: wafu wanajivuta kutoka ardhini kama watu wanaotoka kwenye maji, wengine bado ni mifupa mitupu. Halafu nenda kisima cha San Patrizio. Papa Klementi wa Saba alikimbilia Orvieto baada ya Roma kuporwa mwaka 1527, na kwa kuogopa mji kuzingirwa bila maji akaamuru kichimbwe. Kina chake ni zaidi ya mita 50. Fundi wake, Antonio da Sangallo, alizungusha ngazi mbili zisizokutana, kila moja na vidato 248, ili nyumbu wa kubeba maji washuke kwa moja na kupanda kwa nyingine bila kugongana. Ukiwa ndani unawaona watu ng'ambo ya shimo kupitia madirisha yaliyotobolewa ukutani, mmeachana kwa mita chache tu, lakini hamwezi kufikiana mpaka chini, kwenye kijidaraja kilicho juu ya maji.

Arezzo ina mchoraji Piero della Francesca. Katika kanisa la San Francesco alichora katikati ya karne ya 15 hadithi ya Msalaba wa Kweli, yaani ya mti uliokuja kuwa msalaba wa Yesu, ukuta juu ya ukuta. Tafuta sehemu ya Malkia wa Sheba, huyo ambaye Waislamu tunamjua kwa jina la Bilkisi: amepiga magoti mbele ya gogo lililotumiwa kuwa daraja, wanawake wake wamesimama nyuma, na upande wa pili amekutana na Suleiman, wameshikana mikono. Watu huingia kwa idadi maalumu, hivyo weka nafasi mapema. Piazza Grande nayo ni uwanja ulioinama, na mchana mzima unaweza kuupitisha hapo bila kuona haya.

Lucca haina kazi ya sanaa ya kukusimamisha pumzi kama hizo. Ina kuta zake. Juu ni pana kiasi cha kupandwa miti pande mbili na kuacha njia kubwa katikati, na mji mzima hupanda huko: wazee na mbwa wao, wanaokimbia, watoto kwenye baiskeli za kukodi. Zunguka mara moja kwa baiskeli asubuhi, kisha rudi kwa miguu jioni. Puccini, mtunzi wa opera, alizaliwa mjini humu mwaka 1858, na nyumba yao ni makumbusho.

Jioni, na chakula

Orvieto hunyamaza mapema. Wageni wa mchana wakishashuka na funikulari, mji unabaki kwa wenyeji wachache na wewe. Wapo wanaolipenda hilo. Kijana wa miaka ishirini hatalipenda. Lucca huwa na watu hadi usiku, wengi wao wageni. Arezzo ina wakazi karibu laki moja na wengi wao hawaishi kwa utalii. Saa kumi na mbili jioni Corso Italia inajaa familia zinazopanda na kushuka bila haraka yoyote, na ukijiunga nao hakuna anayekuuzia kitu. Usishangae mwenye nyumba akikuambia alishafika Malindi, Watamu au Kiwengwa, maana Waitaliano wengi likizo zao za pwani ni huko kwetu. Mtu wa Malindi anayekijua Kiitaliano cha ufukweni atapata heshima kubwa zaidi katika miji hii kuliko Roma.

Kwa anayekula halali, Arezzo ni rahisi zaidi. Upande wa pili wa reli, mtaa wa Saione una wahamiaji wengi, wakiwemo Wabangladeshi na Wapakistani. Lucca utapata maduka ya kebabu. Orvieto kuna uchaguzi mdogo, utaishi kwa samaki, mayai na tambi. Kila mahali uliza neno moja: *strutto*, mafuta ya nguruwe, ambayo huingia kwenye baadhi ya mikate na keki bila kuonekana. *Tordelli* za Lucca, tambi zilizojazwa nyama, mara nyingi zina nyama ya nguruwe ndani. Lakini *cecina*, chapati nene ya unga wa dengu uleule wa bhajia, inayookwa kwenye sinia kubwa, ni salama na ni rahisi. Arezzo omba *pici all'aglione*, tambi nene za mkono kwa mchuzi wa nyanya na kitunguu saumu. Mkate wa Toscana hauna chumvi. Usidhani mpishi amesahau.

Viza, tiketi na tarehe

Kwa anayeomba viza akiwa Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, mji mmoja una faida ambayo vitabu vya watalii wa Ulaya haviitaji. Unaonyesha nafasi ya malazi moja, anwani moja, tarehe zinazofuatana, na hakuna pengo la usiku mmoja la kuelezea. Ada ya viza ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na bima ya safari lazima ifike angalau euro 30,000. Katika orodha ya safari yako andika safari za siku kama zilivyo, ukirudi kulala mahali pamoja.

Treni za mkoa hazihitaji kukatiwa tiketi wiki kadhaa kabla. Nauli ni ileile hata ukinunua dakika ya mwisho. Tiketi ya karatasi igonge kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda, kwa sababu mkaguzi hatasikiliza kwamba wewe ni mgeni. Soma vizuri jedwali la saa: safu ya *feriale* ni siku za kazi, *festivo* ni Jumapili na sikukuu, na tofauti yake ni kubwa hasa kwa mabasi ya kupanda Cortona na Bagnoregio. Kukiwa na mgomo siku ya kazi, treni za mkoa zilizohakikishwa hupita kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, na tena kati ya saa 12 jioni na saa 3 usiku. Kwa safari ya kwenda na kurudi, hizo zinaweza kutosha.

Kabla ya kulipia chumba, linganisha tarehe zako na kalenda ya mji. Lucca hufurika mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba kwa tamasha la katuni na michezo, na vyumba huisha miezi kabla. Arezzo ina mnada wa vitu vya kale kila Jumapili ya kwanza ya mwezi na Jumamosi inayoitangulia, na mashindano ya farasi ya Saracino Juni na Septemba. Fika Jumatatu inayofuata na bei zitakuwa zimeshuka. Orvieto hujaa kati ya Krismasi na mwaka mpya kwa ajili ya tamasha la jazi. Na katikati ya Agosti, karibu na tarehe 15, Waitaliano wenyewe wako likizo, maduka mengi ya miji iliyo mbali na bahari yamefungwa na joto ni kali. Ukilazimika kwenda wakati huo, chukua Lucca, kwa sababu ndiyo pekee kati ya mitatu iliyo na bahari ya kukimbilia chini ya nusu saa.